Gridi ikianguka: kwa nini hitilafu ya laini moja inaweza kuzima Mbeya, Iringa na nchi nzima

Umeme ukikatika Mwanjelwa, mjini Mbeya, mtu wa kwanza kutoka nje huchungulia mtaa wa pili: ni sisi tu, au? Akiona Soweto nako giza anampigia nduguye Iringa. Iringa giza. Makambako giza, Dodoma giza, Dar es Salaam giza. Ndipo neno linapotoka: gridi imeanguka. Muda si mrefu yanafuata maelezo ya kila namna. Wengine husema maji yamepungua bwawani, wengine husema kuna mtu amezima kwa makusudi, na wengine huuliza Bwawa la Nyerere lilijengwa la nini kama bado tunawasha mishumaa.

Maswali hayo ni halali, lakini mengi yanachanganya mambo matatu ambayo kwa mlaji yanafanana kwa sababu yote huishia gizani. La kwanza ni umeme kukatika mtaani: transfoma imeungua, nguzo imeanguka, waya umekatika. La pili ni mgao: umeme unaozalishwa hautoshi, kwa hiyo maeneo yanazimwa kwa zamu na kwa mpango. La tatu ni kuanguka kwa gridi: umeme ulikuwepo, mitambo ilikuwa inafanya kazi, halafu ndani ya sekunde au dakika chache mtandao mzima ukajizima wenyewe. Makala hii inahusu hilo la tatu, na jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: gridi inapoanguka, mara nyingi kila mtambo umefanya kile ulichotengenezwa kufanya. Kinachoanguka ni umoja wao.

Tuanze na gridi yenyewe. Ni mitambo yote ya kuzalisha umeme na laini kubwa zinazoiunganisha na watumiaji. Kwetu huku ni mitambo ya maji ya Kidatu (megawati 204), Kihansi (180) na Mtera (80), mitambo ya gesi ya Dar es Salaam, na sasa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Kutoka Kidatu laini ya msongo wa kilovolti 220 hupanda hadi Iringa, kisha Mufindi, kisha Mbeya. Pale Makambako kuna tawi linalokwenda Songea, na kutoka Iringa uti wa mgongo wa kilovolti 400 huelekea Dodoma, Singida na Shinyanga.

Sasa jambo la kushangaza: mashine zote hizo hufuata mapigo mamoja, kana kwamba zimefungwa pamoja. Umeme wetu hupiga mapigo 50 kila sekunde (Hz 50), na mapigo hayo hutokana na mwendo wenyewe wa mashine. Ikipungua kasi moja, zote zimepungua. Hakuna mashine ya Kihansi inayoweza kukaa kwenye 50 wakati ile ya Rufiji iko 49. Na hakuna ghala katikati. Umeme unaochemsha chai yako Iringa umezalishwa sekunde hiyohiyo. Kwa hiyo kinachozalishwa na kinachotumika lazima vilingane kila wakati, usiku na mchana.

Mfano mzuri tunao barabarani. Lori lenye shehena ya kwenda Tunduma linapoanza kupanda Kitonga, mlima unalivuta nyuma na mwendo wa injini unashuka. Dereva anakanyaga mafuta, injini inapata nguvu, mwendo unatulia. Gridi nayo hufanya vivyo hivyo. Watu wakiwasha majiko na mashine jioni, mzigo ni mlima. Mapigo yanashuka kutoka 50 kwenda 49.9. Kwenye kila mtambo kuna kifaa kinachoitwa gavana, nacho ndicho dereva: kikiona mapigo yameshuka kinafungua maji au gesi zaidi. Lakini dereva ambaye tayari amekanyaga mafuta hadi chini hana kitu cha kuongeza. Mlima ukizidi hapo injini inazima. Ndiyo maana mtandao hauendeshwi mitambo yote ikiwa imejaa. Lazima ibaki akiba ndani ya mashine zinazozunguka tayari. Mashine iliyosimama, hata ikiwa mpya kabisa, haisaidii kitu katika sekunde kumi za kwanza.

Hapo ndipo hoja ya Bwawa la Nyerere inapopata jibu. Kuwa na megawati nyingi kunaondoa mgao, na hilo ni jambo kubwa. Hakuondoi hatari ya gridi kuanguka. Tena mashine moja ikiwa kubwa, mshtuko wa kuipoteza nao ni mkubwa. Tuseme usiku mmoja nchi inatumia megawati 1,600 na mashine moja ya 235 imetoka ghafla. Karibu asilimia 15 ya nguvu imeondoka, lakini mzigo uko palepale. Uzito wa mashine zinazozunguka husaidia kidogo, kama lori zito linavyoendelea kujisukuma baada ya kuachia mafuta, lakini katika mtandao wa ukubwa huo mapigo yanaweza kushuka kwa kati ya nusu na Hz 1 nzima kila sekunde. Gavana wana sekunde chache tu.

Na mitambo ya maji, ambayo ndiyo tegemeo letu, ina udhaifu wake hapa. Kihansi maji hushuka kama mita 850 kabla ya kufika kwenye mashine. Nguzo ya maji ya urefu huo ni nzito, haikurupuki. Milango ya maji ikifunguliwa ghafla, msukumo unapungua kwanza kwa muda mfupi kabla ya maji kushika kasi, kama bomba la bustani linavyolegea ukitoa kidole mdomoni mwake. Kwa hiyo kwa sekunde moja au mbili mtambo ulioombwa kuongeza nguvu unaweza hata kupunguza. Si uzembe wa mtu yeyote.

Mapigo yakizidi kushuka, kuna kinga ya mwisho: mtandao hukata baadhi ya watumiaji wenyewe, bila kumuuliza mtu. Katika mitandao mingi ya Hz 50 ukataji huo huanza karibu na 49 na huendelea kwa hatua kadiri mapigo yanavyoshuka. Laini ya Mbalizi inazimwa, kisha ya Mafinga, kisha nyingine. Watu wa maeneo hayo hulalamika kwamba wameonewa. Kwa kweli kukatwa kwao kwa robo saa ndiko kulikowaokoa wengine, na wao pia, na giza la saa nyingi. Mzigo ukikatwa wa kutosha na kwa wakati, mapigo yanarudi. Ukikatwa mdogo, au ukichelewa, tunaingia kwenye hatua mbaya.

Hatua hiyo ni ya mitambo kujitoa. Mashine kubwa, hasa za gesi na mvuke, haziruhusiwi kuzunguka chini ya mwendo fulani, kwa kawaida karibu Hz 47.5, kwa sababu mapanga yake huanza kutetemeka na yanaweza kuvunjika. Kwa hiyo kuna kifaa cha ulinzi, rilei, ambacho kikiona mapigo yamefika hapo huitenga mashine na mtandao. Kwa mashine ile, huo ni uamuzi sahihi: kuizima ni hasara ya saa chache, kuivunja ni hasara ya miezi. Lakini ikitoka, waliobaki wamebebeshwa mzigo wake.

Hesabu yake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kubeba gogo la msindano kule Sao Hill. Watu 6 wamebeba gogo la kilo 300, kila mmoja kilo 50. Mmoja anateleza, anaachia. Watano sasa wanabeba kilo 60 kila mmoja. Kati yao yupo asiyeweza kuzidi 58. Anaachia kuokoa mgongo wake, na ana haki. Wanne wanabeba 75. Hapo wawili wanaachia pamoja. Waliobaki wawili wana kilo 150 kila mmoja, na gogo liko chini. Mzigo haukuongezeka hata kilo moja tangu mwanzo. Kila mtu alijikinga alipofika kikomo chake. Kikundi ndicho kilichoshindwa, na kilishindwa kwa kasi iliyozidi kuongezeka: wa kwanza kwa bahati mbaya, wa pili kwa kuelemewa, wengine kwa mpigo.

Laini nazo huachiana mizigo kwa njia hiyohiyo. Laini mbili zikibeba umeme sambamba na moja ikatoka, umeme wake hauendi kusubiri. Unahamia laini ya pili papo hapo. Waya uliozidiwa hupata moto, na waya wa moto hurefuka na kunyong'onyea kuelekea chini. Kama chini yake kuna mti ambao haukupunguzwa, umeme unarukia mtini na laini inajikata. Usafishaji wa mkuza wa umeme, ile njia iliyo wazi chini ya nyaya, watu huiona kazi ndogo ya mapanga. Katika nchi ya misindano na mikaratusi kama Mufindi na Njombe ni kazi inayoamua kama nchi italala na taa.

Italia ililipia somo hilo Septemba 28, 2003. Saa 9 na dakika 1 usiku, saa za huko, laini kubwa ndani ya Uswisi, inayopeleka umeme upande wa Italia, iligusana na mti ikajikata. Waendeshaji walijaribu kuirudisha ikakataa. Laini ya pili ikabeba ziada kwa dakika 24, ikapata moto, ikalala, nayo ikarukia mti. Kutoka hapo haikuchukua nusu dakika Italia kutengana na Ulaya yote, kwa sababu laini zilizobaki hazikuweza kubeba na zilijitoa zote. Italia ikabaki peke yake na upungufu wa umeme. Baadhi ya mitambo yake ikajizima mapema kuliko ilivyotakiwa. Dakika mbili na nusu baada ya kutengana, watu wapatao milioni 56 walikuwa gizani. Miti miwili.

Kenya wana kisa kifupi zaidi. Juni 7, 2016, tumbili alipanda juu ya jengo la mtambo wa umeme wa maji wa Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikatoka, mashine nyingine za kituoni zikazidiwa zikajizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi ikakosa umeme kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili alipona. Waliocheka walidhani kosa lilikuwa tumbili, lakini mtandao unaoweza kuangushwa na tumbili ungeangushwa na jambo lolote lingine wiki iliyofuata. Chanzo na sababu si kitu kimoja. Chanzo ni kiberiti, na sababu ni nyasi kavu zilizokuwa zinasubiri.

Kuna njia nyingine ya kuanguka ambayo haielezwi na gogo. Chukua mipira ile ya kufungia mzigo kwenye pikipiki, iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Funga pikipiki mbili kwa mpira, ziende sambamba kwa mwendo mmoja. Mmoja akiongeza kidogo, mpira unavutika, unamvuta wa nyuma na kumzuia wa mbele, wanarudi kwenda pamoja. Hivyo ndivyo laini zinavyounganisha mitambo: zinavutana hadi ziende sawa. Lakini mpira ukivutwa kupita kiasi hupoteza nguvu ya kurudisha. Wa mbele anakimbia, wa nyuma anabaki, mpira unakatika. Laini ndefu ni mpira mwembamba. Radi ikipiga laini, kwa sehemu ndogo ya sekunde mitambo ya upande mmoja inashindwa kutoa umeme wake, inaongeza kasi, na hitilafu isipoondolewa haraka, kwa kawaida ndani ya moja ya kumi ya sekunde, mitambo hiyo haitarudi tena kwenye mwendo wa wenzake. Pande mbili zinatengana: moja ina umeme mwingi kuliko mzigo, mapigo yanapanda, mashine zinazimwa kwa kuzidisha kasi, nyingine ina mzigo mwingi kuliko umeme, mapigo yanashuka, mashine zinazimwa kwa kupungua kasi. Zote gizani, kwa sababu zinazopingana.

Hili linajibu swali linaloulizwa sana Iringa: Kihansi na Mtera tuko nazo jirani, kwa nini tuzimike na Dar es Salaam? Kwa sababu ujirani wa ramani si ujirani wa umeme. Ili Nyanda za Juu Kusini zibaki na taa wakati nchi imeanguka, lazima eneo litengwe kabla mitambo yake haijajizima, na lazima kilichomo kilingane na mzigo uliomo. Kisiwa chenye megawati 180 na mzigo wa 90 kitazidisha kasi. Chenye mzigo wa 300 kitaelemewa. Inawezekana kupanga visiwa kama hivyo, na binafsi naona inafaa kuwekewa mkazo, lakini havitokei vyenyewe.

Mfano wa upande wa pili ni Sumbawanga, ambayo kwa miaka mingi imepata umeme wake kutoka Zambia. Asiyefungwa kwenye kamba haangushwi na kamba. Ila matatizo ya Zambia nayo ni yake. Sasa inajengwa laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, kuiunganisha Tanzania na Zambia, na upande wa kaskazini tumeshaunganishwa na Kenya kupitia Singida. Wapo wanaohofu kwamba tutaangushwa na majirani. Hofu hiyo ina msingi, kama Italia inavyoonyesha. Lakini mtandao mkubwa una mashine nyingi zinazozunguka pamoja, na kupotea kwa megawati 235 ndani yake ni kama abiria mmoja kushuka kwenye basi, si kama gurudumu kuchomoka. Faida ni kubwa kuliko hatari, mradi laini za mpakani ziwe zaidi ya moja na ziwe na kinga za kutengana kwa wakati.

Mbeya ina tatizo lake la ziada: iko mwisho wa laini ndefu. Kutoka Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na msongo wa umeme hupungua njiani kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa. Mota za mashine za kusaga na pampu za maji zikipata msongo mdogo hazipunguzi matumizi. Huvuta mkondo zaidi ili zifanye kazi ileile. Mkondo huo unashusha msongo zaidi, mota zinavuta zaidi. Ule mwanga hafifu wa jioni ambao watu huuita umeme mdogo ndio mwanzo wa mteremko huo. Usiku wa manane mambo hugeuka: laini ndefu isiyo na mzigo hupandisha msongo yenyewe, na ndiyo sababu vituo vya kupoza umeme hufungiwa vifaa vya kuunyonya.

Gridi ikishaanguka, kwa nini isiwashwe tu? Kwa sababu mtambo mkubwa unahitaji umeme ili uzalishe umeme: pampu za mafuta, vipoza joto, sumaku za mashine. Mitambo ya maji ndiyo yenye nafuu, inaweza kuamshwa kwa betri na jenereta ndogo ya dizeli. Kwa hiyo mmoja unaamshwa, unapeleka umeme kwenye laini tupu, kisha unabebeshwa mzigo kidogokidogo, megawati chache kwa kila hatua, kwa sababu hapo mashine ni moja na mlima mdogo tu unatosha kuizima. Na mzigo unaorudi ni mkubwa kuliko ulioondoka: friji zote zimepata joto, pampu zote zimeachwa zimewashwa, pasi zote ziko kwenye soketi. Eneo lililozima kwa saa kadhaa linaweza kuvuta maradufu kwa dakika za mwanzo. Ndiyo maana umeme hurudi Mbeya, unakaa dakika tatu, unakatika tena.

Sehemu mbili zilizoamshwa kila moja kivyake haziunganishwi kwa haraka. Kwenye chumba cha udhibiti kuna saa yenye mshale mmoja unaoonyesha tofauti kati ya pande hizo. Pande zisipolingana, mshale unazunguka. Mhandisi hurekebisha mtambo hadi mshale uende polepole sana, na swichi hufungwa mshale unapokaribia juu kabisa. Akifunga mshale ukiwa chini, mashine inavutwa kwa nguvu inayoweza kupinda mhimili wake. Katika usiku wa giza, nchi nzima ikilalamika, mtu huyo lazima asubiri mshale.

Kwa nyumbani na kwenye biashara, yapo ya kufanya yanayosaidia kweli. Umeme ukikatika eneo kubwa, chomoa friji, pasi, jiko, televisheni na mashine ya kuchomelea, acha taa moja tu ikuonyeshe ukirudi. Ukirudi subiri dakika 10 hadi 15 kabla ya kurudisha vitu. Friji peke yake inahitaji angalau dakika 5 ili kompresa isianze ikiwa na shinikizo la zamani. Mwenye mashine ya kusaga awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa baada ya hitilafu hutokea njia (fezi) moja kati ya tatu za umeme isirudi, na mota ikiwashwa kwa njia mbili inanguruma bila kuzunguka, inapata moto na kuungua ndani ya dakika chache. Mwite fundi afunge taa tatu ndogo za kudumu kwenye boksi la swichi, kila moja kwenye njia yake. Zote zikiwaka sawasawa, kwa mwanga uleule wa kila siku, washa mashine ikiwa haina mahindi ndani, iache ishike mwendo, ndipo umimine. Moja ikiwa imezima au ni hafifu, swichi kuu ibaki chini hadi fundi wa laini afike.